Sakafu ya joto: Ipime nyumba kabla ya kununua mabomba

Mkenya anayehamia Minnesota, Sweden au Ujerumani hujifunza mapema kwamba katika nchi za baridi kali, gharama ya kuipasha nyumba joto huwekwa kwenye bajeti pamoja na kodi na chakula. Miongoni mwa njia anazokutana nazo anaponunua nyumba, au anapokarabati ya zamani, ni sakafu ya joto. Hii ni sakafu ambayo chini ya vigae au mbao zake mmelazwa mabomba ya maji moto au nyaya za umeme, nayo hugeuka kuwa chombo kikubwa cha kupasha chumba joto.

Njia hii inasifiwa na wengi. Haina vyombo vya kuchukua nafasi ukutani, haina kelele, na miguu haigandi asubuhi. Hata hivyo, wapo waliotumia fedha nyingi kuiweka, kisha wakajikuta wamevaa makoti sebuleni mwezi wa Januari. Aghalabu kosa haliwi la mabomba wala la boila. Huwa ni kwamba hakuna aliyepima ni joto kiasi gani linalopotea kutoka nyumbani kabla ya kuamua ukubwa wa mtambo.

Makala haya yanaeleza jinsi sakafu ya joto inavyofanya kazi, kikomo chake, jinsi ya kukadiria ukubwa unaofaa, na mambo ya kuamua kabla ya zege kumwagwa. Zege likishamwagwa, kosa halirekebishiki ila kwa nyundo.

ASILI YAKE

Wazo hili ni la kale. Warumi walijenga nyumba za kuogea zenye sakafu iliyoinuliwa juu ya nguzo fupi za matofali, na hewa ya moto kutoka kwenye tanuri ikapita chini yake. Nchini Korea, nyumba za jadi zilikuwa na mfumo uitwao ondol. Moshi na joto la moto wa kupikia vilipitishwa chini ya mawe ya sakafu kabla ya kutoka nje, nayo sakafu ikafunikwa kwa karatasi iliyotiwa mafuta. Watu walikula, wakaketi na kulala juu yake.

Msanifu majengo wa Marekani, Frank Lloyd Wright, alionja joto la chumba cha Kikorea alipokuwa mjini Tokyo, na baadaye akalaza mabomba chini ya sakafu ya zege katika nyumba ya Jacobs mjini Madison, Wisconsin, iliyokamilika mwaka wa 1937. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, maelfu ya nyumba za bei nafuu za Levittown, jimbo la New York, zilijengwa kwa sakafu za zege zenye mabomba ya shaba ndani. Miaka ilipopita, mengi ya mabomba hayo yaliliwa na kuanza kuvuja, na sifa ya sakafu ya joto ikaingia doa nchini humo. Imani ilirejea taratibu baada ya mabomba ya plastiki ngumu isiyooza, yaliyobuniwa Ulaya kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960, kuchukua nafasi ya shaba.

Korea nayo ilipata funzo chungu zaidi. Baada ya vita vya 1950 hadi 1953, familia nyingi zilianza kutumia matofali ya makaa ya mawe katika ondol. Gesi ya kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu, ilipenya kwenye nyufa za sakafu na kuwaua watu wengi wakiwa usingizini. Suluhisho lilikuwa kuutoa moto chini ya sakafu na badala yake kupitisha maji yaliyochemshwa na boila. Leo nyumba za Korea Kusini, yakiwemo maghorofa marefu, hupashwa joto kwa njia hiyo.

KIKOMO NI MGUU WA BINADAMU

Mtu aliyesimama jioni kando ya ukuta uliopigwa na jua mchana kutwa huhisi joto la ukuta huo hata kama upepo ni baridi. Huo ndio mnururisho, yaani joto linalosafiri kutoka kwenye kitu hadi kingine bila kungoja hewa ipashwe kwanza. Takriban nusu ya joto la sakafu humfikia mtu kwa njia hiyo, na linalobaki hupitia kwenye hewa inayoigusa sakafu.

Ukuta unaweza kuwa moto sana bila kumdhuru yeyote. Sakafu haiwezi, kwa sababu watu huikanyaga, na watoto huitambaa. Kwa mujibu wa kanuni ya Ulaya ijulikanayo kama EN 1264, sehemu za sakafu ambako watu hukaa hazipaswi kuzidi nyuzijoto 29 za Selsiasi. Bafuni kikomo ni nyuzijoto 33, na katika ukanda mwembamba wa kama mita moja kando ya kuta za nje ni 35.

Kikomo hicho ndicho kinachoamua kila kitu kingine. Kwa kila nyuzijoto moja ambayo sakafu inazidi hewa ya chumba, mita moja ya mraba hutoa takriban wati 11 za joto. Ikiwa chumba kina nyuzijoto 20 na sakafu 29, tofauti ni 9, hivyo mita moja ya mraba haiwezi kutoa zaidi ya kama wati 100. Boila kubwa haliongezi kiasi hicho, na mabomba mengi hayakiongezi. Nyumba inayopoteza zaidi ya wati 100 kwa kila mita ya mraba ya sakafu haitapashwa na sakafu peke yake.

KUPIMA UPOTEVU WA JOTO

Joto hutoka nyumbani kwa njia mbili kuu. Ya kwanza ni kupenya kwenye kuta, madirisha, dari na sakafu. Ya pili ni kubebwa na hewa inayotoka kwenye nyufa na matundu, huku hewa baridi ikiingia mahali pake.

Ili kukadiria njia ya kwanza, mambo matatu huzidishwa pamoja: eneo la ukuta au dirisha kwa mita za mraba, tofauti ya joto kati ya ndani na nje, na idadi ya wati zinazopenya mita moja ya mraba kwa kila nyuzijoto moja ya tofauti. Idadi hiyo ya mwisho hutegemea jinsi kitu kilivyojengwa. Ukuta wa matofali mazito usio na kihami joto hupitisha kama wati 2. Ukuta uliojazwa povu gumu au sufu ya madini ya kuzuia joto hupitisha kama 0.3. Dirisha la kioo kimoja hupitisha kama wati 5, na la kisasa la vioo viwili kama 1.4. Dari iliyotandikwa kihami kinene hupitisha kama 0.2.

Kwa njia ya pili, ukubwa wa chumba kwa mita za ujazo huzidishwa kwa 0.33, kwa idadi ya mara ambazo hewa yote hubadilika kwa saa moja, na kwa tofauti ya joto.

Tuchukue mfano wa sebule katika jimbo la Minnesota, ambako Wakenya wengi wameweka makazi. Ina urefu wa mita 5, upana wa mita 4 na kimo cha mita 2.5. Kuta mbili zinaelekea nje, nazo zina mita 22.5 za mraba, zikiwemo mita 4 za madirisha. Juu yake ni dari iliyo chini ya paa. Ndani kunatakiwa nyuzijoto 20, na nje hesabu inafanywa kwa usiku wa baridi kali wa nyuzijoto 25 chini ya sifuri. Tofauti ni 45.

Iwapo nyumba imejengwa vizuri, hesabu huwa hivi:

- Kuta: mita 18.5 za mraba × 0.3 × 45 = wati 250
- Madirisha: mita 4 × 1.4 × 45 = wati 252
- Dari: mita 20 × 0.2 × 45 = wati 180
- Hewa, ikibadilika nusu ya chumba kwa saa: mita 50 za ujazo × 0.33 × 0.5 × 45 = wati 371
- Jumla: wati 1,053

Chumba kina mita 20 za mraba, lakini mabomba hayalazwi chini ya makabati yaliyojengewa sakafuni. Yakichukua mita 3, hubaki 17. Wati 1,053 zikigawanywa kwa 17, kila mita inapaswa kutoa wati 62. Sakafu ya nyuzijoto 26 hivi inatosha, na bado kuna akiba kabla ya kufikia kikomo.

Sasa chumba hicho hicho kiwe katika nyumba kuukuu yenye kuta za matofali matupu, madirisha ya kioo kimoja, dari yenye kihami chembamba kinachopitisha wati 0.5, na nyufa zinazobadilisha hewa yote mara moja kwa saa:

- Kuta: wati 1,665
- Madirisha: wati 900
- Dari: wati 450
- Hewa: wati 743
- Jumla: wati 3,758

Hapa kila mita ya sakafu ingehitajika kutoa wati 221, zaidi ya maradufu ya kikomo. Sakafu ingelazimika kuwa na nyuzijoto zaidi ya 38, joto lisilostahimilika miguuni. Mwenye nyumba hii akiuziwa mtambo kwa kukisia mita za mraba tu, atalipa sawa na jirani yake, kisha atapigwa na baridi usiku ule hasa anaouhitaji.

Wahenga walinena kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika nyumba ya pili, fedha za kwanza ziende kwenye kuta, madirisha na nyufa. Ikiwa hilo haliwezekani kwa sasa, sakafu iwekwe kama msaidizi, na kipasha joto cha ukutani kibebe kilichosalia.

Hesabu hii hufanywa chumba kwa chumba, kwa kuwa chumba cha kona chenye madirisha mengi huhitaji joto kuliko kile kilicho katikati ya nyumba. Jumla ya vyumba vyote ndiyo inayoonyesha ukubwa wa boila au pampu ya joto. Kununua mtambo mkubwa kupita kiasi kwa kuogopa baridi nako ni kosa. Boila kubwa mno huwaka na kuzima kila mara, hupoteza nishati na huchakaa mapema.

MAJI AU UMEME?

Mfumo wa maji una gharama kubwa ya kuanzia, kwani huhitaji boila au pampu ya joto, pampu ya kuzungusha maji, na kigawanyio kinachoyaelekeza maji katika kila chumba. Faida yake ni gharama ya matumizi. Katika nyumba iliyohamiwa vizuri, maji ya nyuzijoto 35 hadi 45 yanatosha, ilhali vipasha joto vya ukutani vya mtindo wa zamani vilihitaji maji ya 60 hadi 80.

Tofauti hiyo huipendelea pampu ya joto, mtambo unaovuna joto kutoka hewani au ardhini kwa kutumia umeme. Kadiri maji yanavyohitajika kuwa ya joto la chini, ndivyo pampu inavyofanya kazi kwa wepesi. Katika hali nzuri, kipimo kimoja cha umeme huweza kuzaa vipimo vitatu au vinne vya joto, ingawa kiasi hicho hushuka nje kunapozidi kuwa baridi.

Nyaya za umeme, kwa upande wake, ni nyembamba, ni rahisi kuweka juu ya sakafu iliyopo, na hazihitaji boila. Hata hivyo, kipimo kimoja cha umeme huzaa kipimo kimoja tu cha joto. Kwa sababu hiyo nyaya hufaa zaidi katika eneo dogo linalotumiwa kwa muda mfupi, mathalani bafu. Bafu lenye mita 4 za mraba zilizo wazi, kwa nyaya za wati 150 kwa kila mita, litatumia wati 600. Likiwashwa saa nne kwa siku, matumizi ni yuniti 2.4 za umeme, au yuniti 72 kwa siku 30. Nyumba nzima kwa njia hiyo ingeleta bili ya kutisha katika miji mingi.

Nyaya hizi ziwekwe na fundi wa umeme aliyeidhinishwa, na saketi iwe na swichi inayojikata mara umeme unapovuja. Maji na umeme havina urafiki.

MABOMBA NA MZUNGUKO WA MAJI

Bomba litumikalo sana majumbani lina kipenyo cha nje cha milimita 16, na hulazwa kwa nafasi ya sentimita 10 hadi 20 kutoka mstari mmoja hadi mwingine. Nafasi ikiwa ndogo, sakafu hupata joto sawasawa, na maji hayalazimiki kuwa moto sana. Ndiyo maana mafundi huyabana mabomba karibu na madirisha na kuyaachanisha katikati ya chumba.

Urefu hupatikana kwa kugawanya eneo kwa nafasi. Sebule yetu ya mita 17, kwa nafasi ya sentimita 15, inahitaji kama mita 113 za bomba, bila kuhesabu safari ya kwenda na kurudi kwenye kigawanyio. Bomba la ukubwa huo likizidi mita 100 hivi, pampu hutaabika kulisukuma maji, nayo maji hupoa mno kabla ya kurejea. Hivyo chumba hiki kigawanywe katika mizunguko miwili yenye urefu unaolingana. Ili kupeleka wati 1,053, huku maji yakipoa kwa nyuzijoto 5 njiani, chumba kinahitaji kama lita 3 za maji kwa dakika.

Mnunuzi ahakikishe bomba la plastiki lina utando wa kuzuia oksijeni. Bila utando huo, hewa hupenya polepole kwenye kuta za bomba na kuingia majini, kisha sehemu za chuma za boila na pampu hushika kutu.

CHINI NA JUU YA BOMBA

Joto halijui juu wala chini. Huelekea kwenye baridi. Pasipo kihami joto chini ya mabomba, sehemu kubwa ya fedha za mwenye nyumba itapasha udongo. Mbao za povu gumu hutandikwa chini, na ukanda wa povu huzungushwa kwenye kingo ili zege lipate nafasi ya kutanuka bila kupasuka na joto lisikimbilie kuta za nje.

Kilicho juu nacho kina uzito wake. Vigae na mawe hupitisha joto vyema kuliko vyote. Mbao hufaa ikiwa ni nyembamba na imara, lakini watengenezaji wengi hutaka uso wake usizidi nyuzijoto 27, jambo linalopunguza wati zinazopatikana. Zulia nene lenye sponji chini yake ni kama blanketi juu ya jiko. Familia iliyopanga vigae wakati wa hesabu, kisha ikatandika mazulia ukuta hadi ukuta, imebadilisha hesabu yote.

KABLA NA BAADA YA ZEGE

Mabomba hujazwa maji na kupimwa kwa shinikizo la baa 4 hadi 6 kabla ya zege kumwagwa, na shinikizo huachwa humo wakati wa kumwaga ili tundu lolote lijitokeze mapema. Picha za mabomba zipigwe, pamoja na vipimo kutoka ukutani, kwani siku moja mtu atataka kutoboa sakafu hiyo.

Zege la saruji lisipashwe joto kabla ya siku 21 kupita. Baada ya hapo, maji ya nyuzijoto 20 hadi 25 hupitishwa kwa siku 3, kisha joto la juu kabisa lililopangwa kwa siku 4. Fundi anayewasha boila siku chache baada ya kumwaga ili kukausha haraka huacha nyufa nyuma yake.

Mwenye nyumba naye ajue kwamba sakafu nzito huchukua saa kadhaa kupata joto na saa kadhaa kupoa. Haifai kuzimwa asubuhi na kuwashwa jioni. Themostati iwekwe kwenye kiwango kimoja, au ipunguzwe nyuzijoto chache tu usiku.

JE, NYANDA ZA JUU ZA KENYA?

Wakazi wa Limuru, Molo, Nyahururu na Eldoret wanaijua baridi ya Julai, na baadhi ya wanaojenga huulizia sakafu ya joto. Hesabu ile ile inajibu. Usiku wenye nyuzijoto 10 nje, tofauti na chumba cha nyuzijoto 20 ni 10 tu. Sebule yetu iliyojengwa vizuri ingehitaji wati 234, na ile mbovu wati 835. Joto hilo hutolewa na kipasha joto kidogo cha umeme, na ni vigumu kutetea gharama ya mabomba, boila na kigawanyio kwa ajili ya majuma machache ya mwaka.

Adui mkubwa katika nyumba nyingi za huku ni paa. Bati tupu lisilo na dari hupitisha takriban wati 7 kwa kila mita ya mraba. Kwa mita 20, usiku huo huo, hizo ni wati 1,400 zinazopotea kupitia juu pekee. Dari yenye kihami kinene hupunguza upotevu huo hadi kama wati 40. Hakuna mtambo wa kupasha joto unaoweza kushindana na dari hiyo kwa thamani.

Hatari iliyowaua Wakorea ingalipo katika nyumba ambako jiko la makaa huingizwa chumbani usiku na milango kufungwa. Kila msimu wa baridi huja na habari za familia zilizolala na jiko na hazikuamka. Makaa hayapaswi kulala chumba kimoja na watu, hata yakionekana kuwa yamekaribia kuzimika.

MASWALI YA KUMWULIZA FUNDI

Kabla ya kutia saini mkataba, mwenye nyumba aombe majibu haya kwa maandishi: Kila chumba kinapoteza wati ngapi, na hesabu ilifanywa kwa baridi ya nyuzijoto ngapi? Kila mita ya sakafu itatoa wati ngapi, na uso wake utakuwa na nyuzijoto ngapi? Maji yataingia yakiwa na joto gani? Kuna mizunguko mingapi, na kila mmoja una urefu gani? Chini ya mabomba kuna kihami cha unene gani?

Fundi aliyefanya hesabu atayajibu haya bila kusita. Anayejibu kwa kutaja mita za mraba za nyumba na bei ya mtambo hajapima chochote, na mwenye nyumba ndiye atakayeishi na matokeo yake kila majira ya baridi.